Nyonga ya bandia ya mama imelika, naye anasema haumwi

Mhariri na wasomaji wenzangu, wakubwa shikamooni.

Mama yangu alibadilishiwa nyonga ya kulia mwaka 2007. Tangu hapo ameishi vizuri: sokoni anaenda, msibani anaenda, na shamba lake la Muheza analipalilia mwenyewe. Sasa ana miaka 71. Hivi karibuni aliteleza uani, tukampeleka kupigwa eksirei tukihofia kavunjika. Hakuvunjika, lakini daktari bingwa wa mifupa alituonyesha jambo jingine.

Kichwa cha chuma, yaani tufe lililowekwa juu ya mfupa wa paja, hakikai tena katikati ya kikombe kilichopandikizwa kwenye nyonga. Kimepanda juu, kwa kuwa plastiki kinayozungukia imelika karibu milimita 3. Nyuma ya kikombe pana doa jeusi ambapo mfupa umetoweka. Anashauri mama apasuliwe tena mapema, kikombe kingali kimeshika, kwani huenda ikatosha kubadilisha plastiki na kichwa tu. Kikishalegea itabidi kung'oa kikombe chenyewe na kupandikiza mfupa.

Mama hataki. "Haniumi, mnanipasulia nini?" Ila mimi ninayelala naye naona akiamka anashika ukingo wa kitanda, anasimama kwanza, ndipo anainua mguu. Akishatembea kidogo inaachia. Daktari anasema maumivu ya hatua za kwanza namna hiyo yanaweza kuwa dalili ya kulegea.

Kaka yangu aliyeko Muscat, ambaye ndiye atakayebeba sehemu kubwa ya gharama, yuko upande wa mama. Anauliza plastiki italaje mfupa. Nimemweleza kwamba kila hatua husugua chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Seli za kinga za mwili huzimeza chembe hizo, hushindwa kuziyeyusha, na humwaga kemikali zinazoamsha seli za kula mfupa. Kazi hiyo inaweza kuendelea miaka bila maumivu. Nikamtajia John Charnley, daktari Mwingereza aliyeanza na vikombe vya teflon, plastiki yenye utelezi kweli, lakini vikalika ndani ya miaka michache na kuharibu mifupa ya wagonjwa wake. Alijipandikiza teflon pajani mwake mwenyewe aone mwili utafanya nini, na mwaka 1962 akahamia polithini ngumu. Kaka akajibu kwamba hayo ni ya zamani. Ni kweli plastiki za sasa zilizoimarishwa kwa mionzi hulika kidogo sana, lakini hii ya mama ni ile ya kawaida.

Mjomba naye ameleta lake: achomwe sindano ya jeli ya kulainisha viungo, kama jirani yake aliyechomwa gotini. Daktari alikataa katakata. Jeli ile ni ya kiungo cha asili chenye gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa. Kwa mama gegedu haipo, mwili umeshatengeneza majimaji yake kuzunguka chuma, na kuongeza ute hakurudishi plastiki iliyokwisha. Zaidi ya hapo, sindano inaweza kuingiza vijidudu kwenye kiungo cha bandia, na hilo ni balaa kubwa kuliko kulika kwenyewe. Mjomba bado anampigia mama simu kila jioni kumsisitizia, na hili linaniumiza kuliko ubishi wa kaka.

Nawaomba ushauri. Waliopasuliwa nyonga mara ya pili wakiwa na umri kama wa mama, ilichukua muda gani kurudi kutembea, na mnaweza kukaa chini kwenye mkeka? Mama husali kwenye kiti, lakini msibani hukaa chini na wenzake, na anachokiogopa zaidi ni kulikosa hilo. Kama kuna aliyeamua kusubiri huku akipigwa picha kila mwaka, mfupa ulikuwaje? Na mzee anayesema haumwi, mlizungumza naye vipi bila kumlazimisha? Daktari anataka jibu letu kliniki ijayo.

Binti wa Tanga