Barua kwa Mwanangu Kuhusu Kufunga na Kunyanyua Vyuma

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipata salama, nami nimekawia kuijibu kwa makusudi, kwa sababu uliniuliza jambo ambalo wiki 12 zilizopita ningelijibu kwa kusikia tu, na sasa naweza kulijibu kwa kulionja. Uliniuliza kama uendelee kufunga kwa vipindi huku ukinyanyua vyuma. Siku chache baada ya kuniambia kwamba umeanza, nilianza na mimi, nusu kwa wivu na nusu kwa wasiwasi wa mama, nikawa na daftari ambamo kila siku niliandika saa za kula, nilichokula, uzito wa chuma na idadi ya marudio. Jibu langu ni kwamba mimi nitaendelea, bali wewe uache, angalau kwa sasa. Kwa kuwa nakujua, agizo lisilo na sababu hutalikubali, basi soma hadi mwisho.

Nilichagua kufunga saa 16 na kula katika saa 8 zilizobaki, yaani kuanzia saa 6 mchana hadi saa 2 usiku. Nina miaka 51, nilikuwa na kilo 78 na kiuno cha sentimita 96, wala sikuwa na haja ya kuongeza mwili. Nilitaka kupunguza tumbo bila kupoteza misuli, ambayo kwa umri wangu huondoka yenyewe isipolazimishwa kubaki. Wiki tatu za mwanzo nilifanya mazoezi saa 12 asubuhi na tumbo tupu, na kila nilipoinuka na chuma begani nilishikwa na kizunguzungu. Nilidhani ni sukari iliyopungua, kumbe kwa sehemu kubwa ilikuwa maji na chumvi: mtu anapofunga, insulini, homoni inayosimamia sukari ya damu, hushuka, na figo huachilia chumvi na maji kuliko kawaida. Nilipoanza kunywa maji ya kutosha asubuhi, yenye chumvi kidogo, hali hiyo ilikoma. (Mwenye shinikizo la damu asiige hili bila kumuuliza daktari wake, langu nililipima kwanza.)

Kilichonishangaza ni kwamba nguvu zenyewe hazikupungua kama nilivyotarajia. Mwili huhifadhi wanga katika umbo la glaikojeni, takriban gramu 100 kwenye ini na gramu 400 hivi kwenye misuli. Ile ya ini ndiyo inayoipatia damu sukari usiku kucha, na kufikia asubuhi huwa imepungua sana, lakini ile ya misuli haitoki humo, kwa kuwa msuli hauna kimeng'enya cha kuigeuza iwe sukari ya kuingia kwenye damu, kwa hiyo hubaki palepale ikingoja msuli uleule ufanye kazi. Ndiyo maana mtu aliyekula vizuri jana anaweza kupiga skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma begani) seti tano leo kabla hajatia kitu mdomoni.

Kosa langu kubwa lilikuwa jingine, na lilijificha mpaka mwisho wa wiki ya nne, nilipojumlisha protini kwenye daftari nikakuta napata gramu 60 tu kwa siku. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti 49, ulionyesha kwamba anayenyanyua vyuma huendelea kufaidika na protini hadi karibu gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku, na baada ya hapo faida huwa haba. Kwa uzito wangu hiyo ni kama gramu 125, sawa na mara mbili ya nilichokuwa nakula, na wakati huo wote nilikuwa nikijisifu kwamba ninajitunza! Kuziingiza katika saa 8 si kazi ndogo, maana yai moja lina gramu 6 hivi na gramu 100 za samaki aliyepikwa zina kama 25. Nikaamua kula mara tatu, saa 6, saa 9 na saa 2 usiku, kila mlo ukiwa na gramu 40 au zaidi kidogo, na mazoezi nikayahamishia saa 11 jioni ili yawe katikati ya milo miwili. Kuanzia hapo daftari lilibadilika sura. Wiki ya 12 nilikuwa na kilo 74 na kiuno cha sentimita 90, na skwati ya marudio matano, ambayo niliianza kwa kilo 40, ilikuwa imefika kilo 47.5.

Hata hivyo sithubutu kusema kwamba saa ndizo zilizonipunguza. Nikiwa mkweli, nilikuwa nakula ovyo usiku nikiwa nimekaa, na mlango ulipofungwa saa 2, jumla ya chakula changu ilipungua. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu wazima 116 nchini Marekani lililodumu wiki 12, na wale waliokula ndani ya saa 8 hawakuwazidi wenzao waliokula milo mitatu kwa siku kwa tofauti ya maana katika kupungua uzito. Tena katika wale waliopimwa kwa undani zaidi, sehemu kubwa ya uzito uliopotea haikuwa mafuta. Hao hawakupewa mazoezi ya vyuma wala kiwango cha protini cha kufuata. Huko Italia, mwaka 2016, wanaume 34 waliokuwa wamezoea vyuma walifuatiliwa kwa wiki 8, na kikundi kilichofunga saa 16 kilipunguza mafuta huku misuli na nguvu zikibaki, kwa kuwa walikula vya kutosha na hawakuacha mazoezi, ila homoni ya testosteroni yao ilishuka. Utaona kwamba hao wa Italia wote walikuwa wanaume. Vijana wanaokushauri huwa hawafiki kwenye kipengele hicho.

Nawe uliniandikia kwamba kufunga husafisha chembe (seli) za mwili, na kwamba kuna mtu alipewa Tuzo ya Nobel kwa jambo hilo. Ni kweli kwamba Yoshinori Ohsumi wa Japani alitunukiwa mwaka 2016 kwa kufichua jinsi chembe zinavyovunja na kutumia upya sehemu zake, lakini aligundua hayo kwa kuchunguza hamira. Wewe si hamira, na tuzo ile haikusema uruke chakula cha asubuhi.

Sasa nije kwako. Una miaka 23, una kilo 54, unafanya mazoezi siku tano kwa wiki, unakula ndani ya saa 6 tu, na unataka kuongeza nguvu na misuli. Uliniandikia kwamba skwati yako haijasogea tangu mwezi juzi, kwamba unahisi baridi wakati wenzako wanasikia joto, na mwishoni kabisa, kana kwamba ni jambo la kupitisha, kwamba hujaingia mwezini miezi miwili. Binti yangu, hilo lilistahili kuwa sentensi ya kwanza ya barua yako.

Nilichukua hesabu zako za chakula nikazifanyia kazi. Unakula kama kalori 1,400 na mazoezi yanakula kama 300, hivyo mwili mzima unabakiwa na 1,100 za kuendeshea moyo, ubongo, joto, damu na mifupa. Tukitoa mafuta, mwili wako una kama kilo 42, na 1,100 ukizigawa kwa 42 unapata kalori 26 kwa kila kilo. Watafiti wengi wa wanamichezo hutumia kalori 30 kwa kilo kama kipimo ambacho chini yake ubongo huanza kubana matumizi: hupunguza homoni zinazoleta hedhi, hushusha zile za tezi ya shingoni, na mifupa hukosa homoni ya estrojeni ya kuilinda. Katika umri wako ndipo mfupa hukamilisha akiba yake, na akiba isiyowekwa sasa ni vigumu kuiweka baadaye. Kwa hiyo siyalaumu masaa yenyewe. Ungeweza kufunga saa 16 na kula vya kutosha, lakini mtu mwenye hamu ndogo ya kula kama yako, akipewa saa 6, hali chakula cha kutosha kwa kazi ya siku tano za vyuma. Kilichonisaidia mimi, yaani kula kidogo bila kuhangaika, ndicho kinachokuangusha wewe.

Naomba uende kwa daktari wiki hii, umweleze mazoezi, mlo na miezi hiyo miwili bila kupunguza, apime damu, tezi, na ile sababu nyingine ambayo unajua mama lazima aiwaze. Wakati huohuo rudisha chakula cha asubuhi. Anza kwa kuongeza kalori 300 kwa siku, kisha nyingine 200 wiki inayofuata, protini isipungue gramu 86, na wanga usiuogope, hasa kabla na baada ya mazoezi. Siku tano zifanye tatu mpaka hedhi irudi, na uzito wa chuma uupunguze kwa kama sehemu moja ya kumi. Najua hilo la chuma ndilo litakalokuuma.

Ukishatulia na daktari akiridhika, kama bado unapenda kutokula usiku, acha saa 12 kati ya mlo wa jioni na wa asubuhi, nasi tutaiita hiyo kufunga ili usione umeshindwa.

Jumapili nipigie picha ukurasa wa daftari lako, wenye chakula upande mmoja na mazoezi upande mwingine, nami nitakutumia wangu. Na tarehe ya kumwona daktari niandikie mara tu utakapoipata.

Wako akupendaye,
Mama