Mtoto kafundishwa, bunduki haijafungiwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba Wamarekani wamerukwa na akili, kwani sasa wanafundisha bunduki hadi watoto wa chekechea. Mimi naishi Nashville, jimbo la Tennessee, huu ni mwaka wangu wa 9, na mwanangu wa miaka 8 ni mmoja wa hao wanaofundishwa.

Kwanza nirekebishe jambo moja. Sheria ya hapa ilipitishwa 2024 na masomo yakaanza mwaka wa shule wa 2025/26. Hakuna mtoto anayeshikishwa bunduki darasani. Sheria yenyewe inakataza silaha halisi na risasi halisi. Mtoto anaelezwa bunduki ni kitu gani, inahifadhiwaje, na akiikuta mahali afanye nini: asiiguse, amwambie mtu mzima mara moja. Si jambo geni. NRA, chama kikubwa cha wenye bunduki, kimekuwa kikiwaimbisha watoto maneno ya namna hiyo tangu 1988, kwa kutumia katuni ya tai: simama, usiguse, kimbia, mwambie mkubwa. Jipya ni kwamba sasa serikali imelifanya somo la lazima, na Arkansas nao wakapitisha sheria kama hiyo 2025.

Siku mwanangu aliporudi na somo hilo, mama yangu alikuwa jikoni anasonga ugali. Mtoto akamweleza bibi yake kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba leo mwalimu kawafundisha bunduki. Mama akauacha mwiko ndani ya sufuria. Sisi ni watu wa Baraka, Fizi, mashariki ya Kongo. Vita vilipotufikia 1996 nilikuwa na miaka 9, na baadhi ya askari waliopita barabarani kwetu walikuwa wadogo kuliko kaka yangu. Tuliwaita kadogo. Hao nao walikuwa wamefundishwa kulenga. Tukavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na mimi nikakulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Kwa hiyo mama akisikia "mtoto" na "bunduki" katika sentensi moja, picha inayomjia ni ile ile. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Huku nako wanawachukua?"

Nilimtuliza, ila mwenyewe sikutulia. Nikaanza kuuliza watu, na wa kwanza alikuwa jirani yetu, mzee wa Kimarekani, mwindaji wa miaka mingi. (Sebuleni kwake kuna kichwa cha kulungu ambacho binti yangu anakiogopa kuliko bunduki yoyote.) Akajitolea kumfundisha kijana wangu kupiga shabaha kwa bunduki ya upepo. Nilikubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba niwepo.

Nakiri nilimvulia kofia. Jumamosi mbili nzima mtoto hakugusa kitu. Alikariri tu: kila bunduki ihesabu kwamba ina risasi; usiuelekeze mtutu kwa chochote usichotaka kukiharibu; kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umeikamata shabaha; jua kilicho nyuma ya shabaha. Akikosea neno, wanaanza upya. Jumamosi ya tatu ndipo akaruhusiwa kulenga makopo ya soda, akakosa yote, akacheka. Mzee alisema mtoto huanzia kwenye silaha isiyopiga teke, kwa sababu mkono mdogo hauna nguvu ya kuuzuia mtutu usipande. Hapo nilikumbuka mkasa wa Arizona wa Agosti 2014: msichana wa miaka 9 alipewa bunduki ya rashasha iitwayo Uzi kwenye uwanja wa shabaha wa kulipia, ikamshinda nguvu, ikapanda juu na kumuua mwalimu aliyesimama kando yake. Uwanja huo uliruhusu watoto kuanzia miaka 8.

Basi siku hiyo ya makopo nikaingia ndani kwa mzee kurudisha kiti. Nyuma ya mlango wa jikoni kulikuwa na bunduki imeegemezwa ukutani kama ufagio. Nikamuuliza kama ina risasi. Akanijibu kwamba bunduki isiyo na risasi ni fimbo. Kanuni yake ya kwanza, kumbe, nyumbani kwake ilikuwa kweli tupu. Na wajukuu wake huja kila likizo.

Hapo ndipo nilipo na ugomvi na somo hili, na si pale alipo msomaji wenu. Kumfundisha mtoto si wazimu. Nami nataka mwanangu ajue la kufanya akiikuta bastola kwa rafiki yake. Tatizo ni kwamba tumemkabidhi mtoto wa miaka 8 kazi ya kufuli.

Mwaka 2001 madaktari wa Atlanta walichapisha utafiti wao juu ya wavulana 64 wa miaka 8 hadi 12. Waliwagawa katika vikundi 29 vya wawili au watatu, wakawaweka chumbani ambamo kwenye droo mlifichwa bastola halisi iliyozuiwa isiweze kufyatua, wao wakiwatazama kwa siri. Vikundi 21 viliikuta. Katika 16 waliishika, na katika 10 kuna aliyevuta kifyatulio. Karibu nusu ya walioikuta walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika kama ni ya kweli. Na kati ya wale walioishika au kuvuta kifyatulio, zaidi ya asilimia 90 walisema walikwisha kufundishwa usalama wa bunduki kwa namna fulani. Mimi ni baba wa mvulana, sikushangaa. Mwanangu amefundishwa pia asile sukari kutoka mkebeni.

Mfano mwingine ni wa jimbo hili hili. Oktoba 2015, mashariki ya Tennessee, mvulana wa miaka 11 alimwomba jirani yake, msichana wa miaka 8, amwonyeshe watoto wa mbwa. Msichana akakataa. Mvulana akaitoa bunduki ya baba yake kabatini, akampiga risasi, akamuua. Mahakamani ilielezwa kwamba mtoto huyo alikuwa amefundishwa vizuri usalama wa silaha na alikwenda kuwinda mara nyingi na watu wazima wa nyumbani kwake. Kanuni alizijua. Alikuwa na hasira ya mtoto, na kabati lilikuwa wazi. Baada ya hapo ulipelekwa bungeni Nashville muswada wa kumwajibisha mtu mzima anayeacha bunduki mahali mtoto anapoifikia. Ulipelekwa zaidi ya mara moja. Haukupita. Somo la watoto ndilo lililopita.

Ningekomea kwa Wamarekani kama tatizo lingekuwa lao peke yao. Lakini sisi waswahili wa huku nasi tunanunua bunduki. Tangu Julai 2021 mtu mzima Tennessee anaweza kubeba bastola bila kibali, na ndugu zetu wanaotoka zamu ya usiku kwenye maghala wanaogopa njiani, siwalaumu. Ninachowalaumu ni pale wanapoiweka: chini ya godoro, juu ya kabati, kwenye mkoba wa mama. Hivyo ndivyo tulivyoficha pesa kambini. Watoto wetu wanajua biskuti zinafichwa wapi, watashindwaje na hiyo? Nimemsikia hata mzazi mmoja akijitapa kwamba wa kwake anajua kuijaza risasi, na eti mtoto akililia wembe mpe. Wembe ukimkata, mtoto ana kesho ya kukumbuka.

Sanduku dogo la chuma la bastola si ghali kuliko bastola yenyewe. Vituo vingi vya polisi hugawa bure kufuli za kebo za kufungia bunduki. Madaktari wa watoto hapa wanashauri silaha ikae bila risasi, imefungiwa, na risasi zifungiwe kando. Wanashauri pia mzazi aulize habari ya bunduki kabla ya kumpeleka mtoto nyumba ya watu, na hili ndilo gumu kwetu. Kumuuliza mwenyeji kilichomo chumbani mwake ni utovu wa adabu. Mama yangu alisema nitatuaibisha.

Msomaji wenu aliandika kwamba ana dada Ohio. Badala ya kutucheka, ampigie amuulize kama ana bunduki, na anaiweka wapi.

Mimi nilianza mwezi uliopita. Tulialikwa chakula baada ya ibada kwa ndugu mmoja wa Uvira, watu zaidi ya 20, watoto wametapakaa nyumba nzima. Nilimvuta pembeni, nikamwomba radhi kwanza, kisha nikamuuliza. Alinyamaza. Akaniambia, "Ngoja kidogo, ndugu yangu," akapanda ngazi mbio, na huko juu nikamsikia akiwatoa watoto chumbani.

Mzazi,
Nashville, Tennessee