Kaka kafuta alama ya maji ukutani tupate kuuza nyumba, nimwambie mnunuzi au ninyamaze?

Habari zenu wapendwa, mimi ni mdada wa miaka 36, nipo Kigoma mjini, Mwanga, nina kisaluni changu na watoto wawili. Naomba mnivumilie ni ndefu kidogo, na mnijibu kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo maana siku hiyo ndo kuna jambo.

Tuna nyumba ya familia Kibirizi. Wanaopajua wanapajua, pale maboti ya Kagunga na Mwamgongo yanapopakia, hata ukiletwa umefumba macho harufu ya dagaa itakwambia umefika. Baba alinunua kile kiwanja 1994 akajenga mwenyewe kidogokidogo kwa tofali za kuchoma, vyumba vitatu na sebule, afu uani vyumba vinne vya wapangaji. Alifariki 2022. Kaka yetu mkubwa ndo msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo ilimpitisha, tumekaa kikao wote tukakubali tuuze, huko hakuna ugomvi. Tena aliyeanza kusema tuuze ni mama mwenyewe, amechoka na ziwa, anataka akaishi Kasulu karibu na mdogo wake, anasema kule angalau ardhi ikilala inaamka ilipo.

Shida ni maji. Ziwa Tanganyika likijaa maji yana mahali pamoja tu pa kutokea, mto Lukuga kule Kongo, sasa miaka ya mvua nyingi mito yote inaleta na mlango ni mmoja, basi maji yanakuja kutafuta nafasi kwetu. 2021 yaliingia barazani yakafika mpaka sebuleni, kifundo cha mguu hivi. Baba akachukua mkaa akachora mstari nyuma ya mlango wa sebule akaandika mwezi na mwaka. Tukacheka, tukamwambia mzee unapima mtoto anavyokua? 2024 yakarudi, safari hii baba hayupo, mama akachora mstari wake juu ya ule wa baba, umepita kama shubiri moja na nusu. Hakuandika tarehe. Alisema huu mtaukumbuka wenyewe.

Toka hapo ukuta wa chini unatoa chumvi, ile nyeupe kama unga, unafuta leo baada ya wiki mbili iko palepale, na lipu ukiigonga inalia bwabwabwa ndani hakuna kitu.

Tulipoamua kuuza mwezi wa saba mimi ndo nilikuwa mbele kabisa kwenye kuitengeneza, msije mkadhani nakataa nyumba kupambwa. Nyumba ya kuuza lazima uipambe, hata mchicha sokoni unanyunyiziwa maji. Nilitoa kalenda zote za miaka iliyopita, nilitoa mitungi na nyavu za marehemu zilizokuwa chumba cha kwanza zimekaa tu, nikaita gari la kunyonya choo maana mteja akiingia chooni akatoka ameziba pua hapo umeshapoteza milioni mbili. Tope jekundu lililorukia ukuta wa nje wakati wa masika tukalisugua tukapiga rangi. Rangi ya ndani nilichagua mimi, krimu, kaka alitaka bluu nikamwambia tutaonekana zahanati. Madirisha tukaweka nyavu mpya, vitasa viwili vilivyokuwa vinafungwa kwa kamba tukabadilisha. Yote kama laki tisa na ushee, tulichanga. Mpaka hapo roho yangu nyeupe.

Afu siku moja nimeenda na chai ya mafundi nikakuta kaka kaleta fundi wa skimu, ile ya kulainisha ukuta kabla ya rangi, kaparua ile chumvi, kapiga skimu juu ya lipu iliyooza ukuta mzima wa sebule, kapaka rangi mbili, na nyuma ya mlango kumekuwa kweupe kama karatasi. Mstari wa baba na wa mama haupo. Nikamuuliza kaka hii lipu si ingebanduliwa kwanza? Akasema kubandua na kupiga upya ni milioni na nusu na nani anayo, skimu itashika miezi sita saba, na sisi hatuhitaji miaka, tunahitaji miezi miwili tu. Fundi mwenyewe alikuwa anaangalia pembeni.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba kaka kapanga mpaka majira. Ziwa letu kwa mwaka linajaa kuelekea mwezi wa nne wa tano, kiangazi kikikolea linarudi nyuma. Kwa hiyo kaka na dalali wakasema wateja waje mwezi wa tisa na wa kumi, mvua zisianze kabla hatujamaliza. Kijana akaja na simu yake nzuri akapiga picha asubuhi, baraza linang'aa, nyuma ziwa limetulia kama sahani, ufukwe mpana watoto wanacheza mpira. Dalali akaweka stetasi, eti nyumba ya leki vyuu, reli ya mwendokasi ikifika Kigoma bei yake hutaigusa. Mimi nikiangalia ile picha naona hapo kwenye goli la watoto 2024 paliegeshwa mtumbwi.

Wateja wamekuja kama saba. Wengi wa Kigoma hapahapa hao hawadanganyiki, wanaingia wanapita moja kwa moja wanagonga ukuta wa chini kwa ngumi, wanatabasamu, wanataja milioni 22 au 25 wanaondoka. Siku nyingine mtoto wa mpangaji, wa darasa la pili, akamwambia mteja kwa furaha kabisa, sisi hapa tulivuaga samaki barazani. Kaka alicheka kwa nguvu akasema watoto wa siku hizi wanaangalia katuni sana. Toka siku hiyo wapangaji wanaambiwa mteja akija watoto wapelekwe sokoni.

Sasa amepatikana huyu mama. Ni mwalimu mstaafu wa Kibondo, amelipwa mafao yake, mume alishafariki, anasema maisha yake yote amefundisha milimani na alikuwa anaota azeekee mahali anapoona ziwa. Amekuja mara mbili. Mara ya pili nilikuwepo mimi, nilipeleka funguo. Akakaa pale barazani akavua viatu, akaniambia mwanangu hapa upepo mzuri. Afu akamuuliza kaka, baba, maji hayafiki hapa? Kaka akajibu bila hata kumeza mate, hapa ni juu mama, si unaona mwenyewe ziwa lilipo. Yule mama akanigeukia mimi akaniangalia. Nikainama nikajifanya natafuta funguo kwenye pochi, na funguo nilikuwa nimezishika mkononi.

Jamani toka siku hiyo silali vizuri.

Bei yetu sisi ni milioni 36. Dalali yeye kamwambia 40 na amekubali, cha juu chake kiko humo na asilimia 10 kwetu bado anataka, hayo ya madalali tuyaache siku nyingine. Hiyo Jumamosi anakuja na milioni 10 za kutanguliza, wanaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, zingine mwezi unaofuata.

Nilimkalia kaka jioni moja. Nikamkumbusha habari tuliyosomeshwa madrasa, Mtume alipopita sokoni akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka akakuta chini imelowa, muuzaji kaifunika na kavu juu, na alichomwambia yule muuzaji tunakijua wote. Kaka akanijibu yule alikuwa anauza chakula. Nikakosa hata la kusema nikacheka, na yeye akacheka, lakini baadae akawa mkali. Akasema wewe unataka usafi wa roho kwa hela ya mama. Akanipigia hesabu hapohapo, ikiuzwa 36 thumuni ya mama, yaani fungu lake la moja ya nane, ni milioni 4 na nusu, ikiuzwa 25 ni milioni 3 na laki moja na ushee, na mimi na mdogo wangu wa kike tulishasema mafungu yetu tunamwongezea mama ajengewe vyumba viwili Kasulu, kwa hiyo kila milioni ninayoipunguza naitoa kwenye bati la mama. Na kusema kweli hapo sikuwa na jibu, mpaka leo sina.

Na kaka si mtu mbaya, naomba msianze kumtukana. Yeye ndo aliyekuwa anambeba baba mgongoni kumpeleka hospitali.

Nina jirani anafanya kazi kwenye ofisi ya wakili, nikamuuliza kama habari ya mtu mwingine. Akasema sheria ya mikataba inasema ukimficha mtu kwa makusudi kitu unachokijua ili akubali, huo ni udanganyifu na anaweza kwenda mahakamani mkataba ukabatilishwa. Ila akaongeza mnunuzi naye anatakiwa afungue macho, kukaa kimya tu kuna wakati kunapita kama mwenyewe angeweza kugundua. Sasa sisi hatukukaa kimya, ameuliza akajibiwa. Akaniuliza pia iko mita ngapi toka ziwani maana sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe. Nilienda nikahesabu kwa hatua, toka baraza mpaka maji hatua 138. Hizo ni za sasa hivi. Mwezi wa tano sijui utaanzia kuhesabu wapi, labda kitandani.

Mama sijamwambia habari ya skimu. Anaishi kwa mdogo wangu Gungu toka tuanze kupaka rangi, alisema hataki kuona watu wanaingia chumbani kwake kupima kwa macho. Aliniuliza tu wiki iliyopita, mlango wa sebule mmeupaka? Nikamwambia tumeupaka. Akauliza na nyuma yake? Nikasema simu inaisha chaji.

Nimefikiria njia tatu na zote zina mwiba. Kwanza nimtafute mwalimu pembeni nimwambie, namba yake ninayo maana alinitumia salamu ya Ijumaa, lakini kaka akijua undugu umekufa na familia itasema nimeuza nyumba kwa mdomo. Pili nimlazimishe kaka tumwambie mwalimu ukweli tumpunguzie bei, labda 28, mwenyewe abandue lipu apige upya na kuinua msingi wa baraza kama majirani wawili walivyofanya, mimi naona bado ni nyumba nzuri ila ya mtu anayejua anachonunua. Kaka hataki kusikia. Tatu ninyamaze, nijiambie hata mimi sikujibu kitu, nilikuwa natafuta funguo.

Kuna kitu kimoja hakuna anayekijua. Kabla ya mafundi kuja niliipiga picha ile mistari miwili, mwandiko wa baba unaonekana vizuri kabisa. Sikupiga kwa ajili ya haya, nilipiga kwa ajili ya kumkumbuka tu. Sasa kila siku usiku naifungua naiangalia, afu naangalia namba ya yule mama, afu nazima data.

Naomba mnishauri, hasa mliowahi kuuza nyumba ya urithi, na kama kuna waliowahi kununua nyumba ya ziwani bila kuambiwa nao waseme walijisikiaje. Mungu awabariki.

Mama wawili, Mwanga, Kigoma