Marejesho ya kila siku yanawakaba mafundi

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani wa kujitegemea, na naomba nafasi nizungumzie mikopo ambayo mitaani tunaiita kausha damu. Tatizo si riba peke yake, ingawa nayo ni kubwa, bali ni marejesho ya kila siku, ambayo hayalingani kabisa na kipato cha fundi: sare za shule hushonwa kwa wingi Desemba na Januari, lakini kufikia Machi mtu anaweza kushinda kibandani akibadilisha zipu mbili tu, na bado jioni mkusanyaji anafika na daftari lake. Ukikosa, faini inaongezwa juu ya deni, na hatimaye cherehani uliyoiweka dhamana, ambayo ndiyo ingelipa deni lenyewe, inabebwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, jambo ambalo ni jema. Naiomba Benki Kuu izuie pia vitendea kazi kushikwa kama dhamana, na iwaelekeze wakopeshaji kupanga marejesho kulingana na msimu wa kazi ya mkopaji.

Fundi cherehani,
Temeke, Dar es Salaam