Kupitishia ukingoni sio bahati jamani

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu pool. Huku kwetu ukifichwa nyuma ya mpira wa mpinzani, ukaupeleka mpira mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo, ukagonga ukingo wa meza kwanza ndo ukarudi kugusa mpira wako, utasikia watu wote "bahati hiyo!", na juzi nimeambiwa hivyo mbele ya vijana wanaoanza, imeniuma kwelikweli maana pigo lile nimelifanyia mazoezi miezi na miezi na wale vijana wameondoka wanaamini pale hakuna cha kujifunza.

Kipo, tena kingi. Mweupe ukiupiga katikati unatoka ukingoni kwa pembe inayokaribiana na ile uliyoingilia, hiyo kila mtu anaikadiria. Tabu ni pale njia hiyo imezibwa, na hapo ndo spini, yaani kuuzungusha mpira kwa kuupiga ubavuni, inaokoa. Chukulia ukingo uko mbele yako na mpira unaenda kwa kuelekea kulia. Ukiupiga ubavu wa kulia, ukigusa ukingo ule mzunguko unausukuma zaidi kulia, pembe inafunguka. Ukiupiga ubavu wa kushoto pembe inabana, mpira unarudi karibu na ulikotoka. Yaani unagonga sehemu ileile ya ukingo lakini mpira unaishia kwingine kabisa, umebadilisha tu mahali pa kuweka ncha ya fimbo.

Wengi wanaharibu kwa nguvu. Ukitwanga sana raba ya ukingo inaminyika, mpira unatoka umebana na hesabu yako yote inapotea, halafu kuna hili ambalo watu hawaambiwi, ukipiga ubavu wa kulia mpira wenyewe unachepuka kidogo kushoto hata kabla haujafika ukingoni, kwahiyo unapolenga uwe umeshalihesabu. Piga taratibu, paka chaki, na usiende pembeni sana, ukivuka nusu ya njia kutoka katikati ya mpira kwenda ubavuni mwake fimbo inateleza.

Mwaka 1995 kule Reno, Marekani, Efren Reyes wa Ufilipino alifichwa na mpinzani wake Earl Strickland, akaupiga mweupe kwa spini ukapita kingo mbili kama herufi Z na kwenda kutumbukiza mpira aliokuwa anautaka. Mpaka leo wapenzi wa pool wanaliangalia pigo lile. Mtu anayefanya vile mara kwa mara utamwambiaje ana bahati?

Ombi langu Mhariri, kurasa za michezo pool ikitajwa tunapewa matokeo tu, nani kashinda nani katoka. Tuwekeeni basi hata mara moja kwa wiki mchoro mmoja wa meza unaoonyesha mweupe unapigwa wapi na unapita wapi. Mimi niko tayari kuichora bure na kila mmoja nitaujaribu kwanza mezani, maana hapa kwetu asubuhi kabla wateja hawajaingia meza inakuwa wazi.

Mdau wa pool,
Morogoro