Maelekezo ya jukwaani yasirukwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisikitisha kila ninaposahihisha majibu ya wanafunzi wa fasihi. Wengi wao wamekariri barabara maana ya mgogoro, taharuki, kilele na kinaya, lakini wakipewa ukurasa mmoja wa tamthilia huyaruka maandishi yaliyo ndani ya mabano, yaani maelekezo ya jukwaani, wakakimbilia mazungumzo kana kwamba hayo ndiyo tamthilia nzima.

Katika riwaya, msimulizi hutuambia kwamba mhusika ana hofu. Katika tamthilia msimulizi huyo aghalabu hayupo, na kazi yake hubebwa na mwili wa mwigizaji, sauti, mwanga, maleba (mavazi ya jukwaani) na hata kimya. Mhusika akisema "Karibu ndani" huku maelekezo yakieleza kwamba amesimama katikati ya mlango na hasogei, mgogoro umo mwilini mwake, wala haumo katika maneno yake. Mwanafunzi aliyeuruka mstari huo ataandika kwamba mwenyeji ni mkarimu, na atashangaa kukosa alama. Kinaya cha kidrama, yaani pale hadhira inapojua jambo asilolijua mhusika, nacho hupotea vivyo hivyo, kwa kuwa mara nyingi ni maelekezo pekee yanayotujulisha kwamba nyuma ya pazia kuna mtu anayewasikiliza wanaozungumza.

Najua kwamba mwanafalsafa Myunani Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alipotaja vipengele sita vya tanzia (tamthilia ya huzuni) aliutanguliza msuko, yaani mpangilio wa matukio, na kukiweka nyuma kile kinachoonekana jukwaani, akishikilia kuwa nguvu ya tanzia huweza kuhisiwa hata bila onyesho. Hapo sikubaliani naye, ingawa ni yeye huyo aliyesema kwamba tanzia huiga tendo kwa watu wanaotenda, si kwa kusimulia. (Tamthilia za Kiyunani za kale karibu hazina maelekezo, lakini wahusika wake hutaja wenyewe wanachokifanya na wanachokiona.)

Nawasihi walimu wenzangu tuwasimamishe wanafunzi wasome onyesho kwa sauti, wakiyatenda maelekezo yake, kisha walirudie bila maelekezo hayo na waeleze kilichobadilika, kabla hatujawaandikia fasili yoyote ubaoni. Watunzi wa mitihani nao wanaponukuu dondoo la tamthilia, walichape pamoja na maelekezo yake yote.

Mwalimu wa Fasihi