Kwa vijana mnaosindikiza watoto wa wafungwa hapa Lubumbashi

Watoto wangu,

Nimesikia mmejiandikisha, vijana wa komini za mji wetu, Katuba, Kenya na Ruashi, kila mmoja wenu amsindikize, yaani amtembelee na kuwa naye karibu, mtoto ambaye baba au mama yake yuko gerezani. Nilifurahi, halafu nikaingiwa na woga. Nimefundisha shule ya msingi katika mji huu mpaka nikastaafu, na sikumbuki darasa lililokosa mtoto wa namna hiyo. Nimeona pia watu wenye moyo mzuri wakimjia kwa mbio mwezi wa kwanza, na mwezi wa tatu hawaonekani tena. Kwa hiyo niacheni niseme nanyi kama nkambo wenu, mzazi wa wazazi wenu, bila kupamba.

Mtoto huyo hahitaji baba wa pili. Baba anaye, yuko Kasapa, gereza la mji wetu. Anachokosa ni mtu mzima asiyemdanganya. Tangu siku ile polisi walipokuja, karibu kila mtu mzima amemwambia neno lisilo la kweli, wengine kwa huruma. Ninyi msiongeze lenu.

Nyumbani anaambiwa baba alienda Kolwezi kutafuta kazi migodini, au alivuka Kasumbalesa kwenda Zambia kununua bidhaa. Siwalaumu akina mama wanaosema hivyo. Mama anaogopa mwenye nyumba asimfukuze, anaogopa ndugu za mume, anaogopa kartie nzima, yaani mtaa wote. Lakini mtoto wa miaka tisa si kipofu. Anamwona mama akisonga bukari, ugali wetu, alfajiri, akiifunga kwenye bakuli pamoja na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akitoka bila kuaga na kurudi mchana na bakuli tupu. Katika magereza yetu chakula hakitoshi, ni familia ndiyo inamlisha mfungwa. Hata mtoto anajua maana ya bakuli lile. Basi anajua, na anajua pia kwamba hatakiwi kujua. Hilo la pili ndilo linalomchosha. Wajanja wao hujibu darasani, «Baba yuko Kasapa», na wenzao wanadhani ni mwalimu au mwanafunzi wa chuo kikuu, maana kampasi na gereza viko upande uleule. Mara ya kwanza kusikia jibu hilo nilicheka. Siku hizi silicheki.

Msikimbilie kufunua siri, hata hivyo. Siri ni ya nyumba, na mwenye nyumba ni mama, au nkambo, au shangazi aliyebaki na watoto. Anza naye. Kaa naye kwenye kiti cha nje, msaidie kupanga maneno, kisha mwache ayaseme yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. Maneno hayahitaji kuwa mengi: baba yako yuko gerezani, wanamshitaki kwa jambo fulani, hajakusahau, na si wewe uliyesababisha. Neno la mwisho hilo lisikosekane. Mtoto anaweza kukaa miaka akiamini baba alikamatwa kwa sababu yeye alimwomba viatu vya shule.

Na kuna wanaomwambia waziwazi kwamba ndiye aliyesababisha. Mnajua mambo ya hapa kwetu: baba anafungwa, biashara inaanguka, na mtu anayejiita mchungaji anamnyooshea kidole mtoto wa mke wa kwanza kwamba ni mlozi, yaani mchawi. Ukisikia neno hilo limetamkwa ndani ya nyumba, usingoje Jumamosi ijayo. Katiba yetu ya Kongo, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa ulozi, na sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1, 2009, ya kumlinda mtoto, inaadhibu kosa hilo. Wengi wa hao watoto wa barabarani tunaowaita shege walianzia kwenye neno hilo kabla ya kulala sokoni. Tafuta mtu mwenye sauti katika ukoo, shangazi mkubwa au baba mdogo, asimame mbele yao. Mtoto akishafukuzwa, watawa Wasalesiani wa kituo cha Bakanja wanawafahamu watoto wa barabarani kuliko sisi sote. Lakini ni afadhali asifike huko.

Wengine hawatamwita mlozi, watamwambia tu kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimelisikia kwa walimu wenzangu, kwenye chumba cha walimu, kalamu ya mtoto ilipopotea darasani na macho yote yakamgeukia mmoja. Kwa watu wa aina hiyo sina methali ya kuwajibu, nina kifungu cha 17 cha katiba hiyohiyo ya mwaka wa 2006: hakuna anayeweza kushitakiwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mtu mwingine. Wakubwa waliandika hivyo kwa ajili ya mahakama. Mimi ninakitumia hata kwa kalamu iliyopotea, na kifungu hichohicho kinasema mshitakiwa ni mtu asiye na hatia mpaka hukumu ya mwisho itoke. Baba wa mtoto wako huenda hajafikia hukumu yoyote.

Hapo ndipo swali gumu kuliko yote linapozaliwa: «Baba atatoka lini?» Mahali pengine mtoto anaweza kuhesabu miaka kwenye kalenda. Kwetu wengi wa walio gerezani hawajahukumiwa. Wanangoja faili isogee, hakimu apatikane, wakili alipwe. Hakuna tarehe. Baba mwenyewe, kwa uchungu wake, atamwambia mtoto «Noeli nitakuwa nyumbani». Wewe usiseme Noeli. Usiseme karibuni. Usiseme Mungu akipenda kwa sauti ya kufunga mazungumzo. Sema «Sijui, na nikijua nitakuambia,» halafu mbaki kimya pamoja kidogo. Nimeona watoto wakipumua kwa jibu hilo, maana ni mara ya kwanza mtu mzima amekiri mbele yao kwamba hajui.

Kuhusu kwenda kumwona mzazi: msimpeleke mtoto kwa sababu ninyi mmeona ni vizuri. Mlezi akubali, mtoto akubali, na mmwandae. Mwambie kabla kwamba watangoja muda mrefu juani, kwamba watapekuliwa, kwamba baba anaweza kuwa amekonda, na anaweza kulia. Akirudi, mtoto anaweza kuwa mkorofi siku mbili tatu, au kukojoa kitandani. Msimkaripie, na mumweleze mlezi asimkaripie. Yupo pia mtoto ambaye mzazi wake alifungwa kwa kumuumiza yeye mwenyewe au mama yake. Huyo msimsukume hata hatua moja kuelekea mlango ule, na msimhubirie msamaha. Nasema hili kwa wale wenye bidii ya dini kati yenu, nami nikiwemo.

Kwa wale ambao hawawezi au hawataki kwenda, kuna njia nyingine. Ninayoipenda zaidi ni buletini, karatasi ya matokeo ya shule. Shule inadai sahihi ya mzazi chini ya pointi. Mlezi akiwa anakwenda kuona mfungwa, apeleke buletini, baba aisome yote, aone hesabu na Kifaransa, atie sahihi yake na arudishe. Baba aliyetia sahihi ile bado ni mzazi wa mwanafunzi, na mwalimu anapoiangalia haoni mahali ilipotiwa.

Siku nyingine habari mbaya hupigwa redioni. Mnakumbuka mwezi wa 9 mwaka wa 2020, fujo za Kasapa, na yale waliyotendewa wafungwa wanawake. Mwezi wa 9 wa 2024, gereza la Makala kule Kinshasa, serikali ilihesabu watu 129 waliokufa katika jaribio la kutoroka. Siku kama hiyo usipige simu tu. Nenda. Mtoto wa Lubumbashi hatofautishi Makala na Kasapa anaposikia kwamba wafungwa wamekufa. Na kama ni mama yake aliye ndani, uliza kwanza mlezi anajua nini, usimletee mtoto picha za kwenye simu.

Kwa fedha nitasema kwa kifupi kwa sababu mtabishana nami hata hivyo. Tangu 2019 shule za msingi za serikali hazidai tena minervali, yaani ada ya shule, lakini madaftari, yunifomu na sekondari bado vinauma. Ukiweza kusaidia, saidieni kama kikundi, kupitia kwa mlezi, bila mtoto kuona noti zikihama mkono. Ukianza kumpa wewe mwenyewe, siku ukikosa utaona aibu, na kwa aibu hutakwenda, na mtoto ataelewa kwamba ulikuwa umekuja na mfuko na si na miguu.

Na tusifichane: wapo wanaowakaribia watoto kama hawa kwa nia mbaya, kwa sababu hakuna baba mlangoni. Kwa hiyo mtakutana uani, au darasani mlango ukiwa wazi, au kwenye uwanja wa mpira. Kamwe chumbani kwako. Picha ya mtoto isionekane kwenye WhatsApp yako, hata na maneno matamu ya kumshukuru Mungu. Anayeona masharti haya yanamdhalilisha, aache kazi hii leo, hatutamchukia.

Sasa, saa ngapi na muda gani. Kule Philadelphia, Marekani, kulikuwa na meya aliyeitwa Wilson Goode. Baba yake alifungwa yeye akiwa kijana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, alipokuwa ameshaacha umeya, alianza kupita kanisa kwa kanisa akitafuta watu wa kusindikiza watoto wa wafungwa, katika mradi ulioitwa Amachi. Alichowaomba kilikuwa kidogo: mtu mmoja, mtoto mmoja, angalau saa moja kwa juma, kwa mwaka mzima. Watafiti wa hukohuko Marekani waliochunguza usindikizaji wa watoto kwa ujumla waliona kwamba pale mtu alipoondoka kabla ya miezi mitatu, mtoto alibaki akijithamini chini kuliko kabla hajaja. Ndiyo maana niliingiwa na woga. Mkichukua saa tatu juma la kwanza na kukosa juma la pili, ni heri mngebaki nyumbani. Ukiwa na mtihani au unasafiri kwenda Likasi, mwambie mapema na umpe siku nyingine. Mvua kubwa ikikata barabara, tuma ujumbe kwa mlezi siku hiyohiyo.

Mzazi akitoka, msitarajie shangwe tu. Baba atakukuta unajua jina la mwalimu wa mtoto wake na yeye halijui, na hilo litamchoma. Msalimie kwanza, mwite baba fulani mbele ya mtoto, mwulize yeye kama uendelee kuja. Akikwambia hapana, muage mtoto uso kwa uso, usiyeyuke. Akikwambia ndiyo, punguza: badala ya kila juma, mara mbili kwa mwezi, na umwachie yeye mambo ya shule.

Yule kijana wa Ruashi aliyeniuliza Jumapili iliyopita kama anaweza kuchukua watoto watatu kwa sababu ana moyo mkubwa: hapana, baba. Mmoja. Hao wengine wawili watafutieni yaya mwingine, kaka au dada mkubwa kama wewe, kabla ya shule kufunguliwa.

Ni mimi nkambo wenu, mwalimu mstaafu, Katuba.